Kweli Takatifu au Kweli Dhahiri?

Rasimu ya Azimio la Uhuru la Marekani, aliyoiandika Thomas Jefferson mwezi Juni 1776, ingali imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington. Imejaa maneno yaliyokatwa. Kwenye sentensi inayojulikana kuliko zote, ile ya usawa wa binadamu, Jefferson alikuwa amesema kwamba kweli hizo ni takatifu na hazikanushiki. Wino ukapita juu ya maneno hayo, na mahali pake pakaandikwa kwamba kweli hizo ni dhahiri, zinajidhihirisha zenyewe. Wapo wanahistoria wanaodai kwamba mwandiko ule ni wa Benjamin Franklin. Wengine wanasema ni wa Jefferson mwenyewe.

Kwa sikio la mhariri, sentensi ilipona. Ya mwanzo ilikuwa inajikokota: usawa umetajwa mara mbili, kuumbwa mara mbili, na haki zinachotwa kutoka kwenye huo usawa wa kuumbwa. Iliposafishwa, ikasema binadamu wameumbwa sawa na Muumba wao amewapa haki.

Lakini ukweli ulihamishiwa msingi mwingine. Kilicho kitakatifu kina madai juu ya mtu: anayekivunja amekufuru, awe amekielewa au hakukielewa. Kilicho dhahiri huomba akili ikubali tu, kama inavyokubali kwamba kizima ni kikubwa kuliko sehemu yake. John Locke, mwanafalsafa aliyesomwa sana na waasisi wa Marekani, alikuwa ameshaandika mwishoni mwa karne ya 17 kwamba hakuna kanuni ya maadili ambayo mtu hana haki ya kuiulizia sababu. Kwa hoja hiyo, kanuni kama ile ya usawa haiwezi kujidhihirisha yenyewe. Na kama usawa ulikuwa dhahiri kiasi hicho, Jefferson, aliyemiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake, aliwatazamaje watu wa shamba lake la Monticello? Neno lile jipya lilimwezesha mtu kuukubali usawa kichwani na kulala usingizi bila kuutii.

Jirani zake wa Virginia walijihadhari mapema. Tamko lao la Haki, lililopitishwa tarehe 12 Juni 1776 kutokana na rasimu ya George Mason, lilitaja watu wote kuwa huru kwa asili. Wenye watumwa wakashtuka, na kikachomekwa kifungu kwamba haki hizo ni za watu wanapoingia katika jamii. Mtumwa, kwa hesabu yao, hakuwa mwanajamii.

Mjini Philadelphia, Azimio lilipojadiliwa, kifungu hicho hakikuwekwa. Kilichofanyika ni kufuta aya nzima iliyolaani biashara ya watumwa. Jefferson alikuwa ameketi karibu na Franklin, moyo unamuuma, na mzee akamtuliza kwa kisa cha mtengeneza kofia John Thompson, aliyetaka ubao wa dukani useme kwamba anatengeneza na kuuza kofia kwa fedha taslimu. Kila rafiki akaona neno la kupunguza, mpaka likabaki jina lake na mchoro wa kofia. Kisa ni kizuri, ila hakilingani na jambo lililokuwa mezani. Thompson alibaki na mchoro wa kofia. Aya ile ilipofutwa, hakuna alama yoyote iliyobaki ya watu iliyowasemea.

Mwaka 1791, Benjamin Banneker, mtu mweusi huru wa Maryland na mtunzi wa almanaka, alimwandikia Jefferson na kuinakili ile sentensi ndani ya barua, akimtaka aipime dhidi ya utumwa. Aliambatanisha almanaka aliyoikokotoa mwenyewe. Jefferson alijibu baada ya siku chache, kwa adabu. Kuhusu sentensi hiyo hakugusia chochote. Alisema anatamani sana kuona ushahidi kwamba watu weusi wamejaliwa vipaji sawa na vya wengine.