Nani Anakaa Upande Ule?

Wengi wetu tuliokulia Kenya tuliijua Pasaka kwa mambo mawili: ibada na Safari Rally. Mashindano hayo yalianza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi yalifanyika wikendi ya Pasaka. Ulitoka kanisani na nguo zako mpya, ukakimbilia barabarani kusubiri vumbi. Kwa hiyo baadhi yetu tuliponunua gari kuukuu hapa Uingereza na kuunda timu ya ridhaa, watu wa kanisani walicheka, lakini hawakushangaa.

Tulikuwa sita. Dereva wetu ni fundi umeme. Mwelekezi wake, dada yetu, ni muuguzi wa zamu za usiku. Wengine tunaendesha mabasi, tunapanga mizigo ghalani, na mmoja ni kijana wa kidato. Tulikodi nusu ya gereji, na kwa miezi minane Jumamosi zetu ziliishia humo. Tuling'oa viti vya nyuma, tukafunga kizimba cha chuma cha kulinda vichwa gari likipinduka, tukaweka mikanda mipya, vizima moto, na bamba la chuma la kukinga injini na mawe. Wake na waume zetu walileta chapati na chai ya tangawizi, na mara nyingine walileta malalamiko, nayo yalikuwa ya haki. Fedha ile ingeweza kulipa karo ya mtu nyumbani. Tulijua.

Mashindano yenyewe yalikuwa katika misitu ya Wales, kwenye njia za changarawe zenye kona nyingi na mvua isiyoaga. Kwetu yalikuwa makubwa, ya kwanza ya namna ile. Ukaguzi wa magari ulikuwa Ijumaa jioni, mbio Jumamosi. Jumatano usiku, kijana wetu alikuwa akisafisha sehemu ya ndani juu ya gurudumu la mbele, upande wa kushoto. Akatuita. Pale shokabsoba inaposhikana na bodi kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ulikuwa katika chuma tulichochomelea wenyewe. Hatukuwa na wa kumlaumu.

Tulinyamaza kwa muda mrefu. Kisha mmoja wetu akasema kwamba rangi ingeufunika, na kwamba wakaguzi hutazama mikanda, kizimba, breki, taa na helmeti, pale wasingechungulia. Tusimtupie lawama aliyesema. Alitamka yale ambayo wengi wetu tulikuwa tunayawaza.

Dada yetu hakuwapo. Alikuwa kazini. Alifika saa nne usiku kabla ya kuanza zamu, kuchukua daftari lake la maelezo ya njia. Tukamwonyesha ufa. Aliutazama, akauliza upande gani. Tukasema kushoto. Kwa magari ya hapa, dereva hukaa kulia na mwelekezi kushoto. Akauliza tena, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Nisingepita leo, mngeniambia?"

Swali hilo ndilo linalotufanya tuandike haya. Hakuna aliyelijibu usiku ule.

Kwa wasioujua mchezo huu, kazi ya mwelekezi si kutazama mandhari. Katika daftari lake kila kona imeandikwa: kali au pana, kushoto au kulia, umbali gani hadi inayofuata, kilima gani kinaficha kona nyuma yake. Yeye na dereva walikuwa wamekaa jioni nyingi wakitazama video ya njia ile na kusahihisha neno kwa neno. Siku ya mbio yeye huinamisha macho kwenye karatasi na kusoma kwa sauti. Dereva humsikia ndani ya helmeti na kuamini. Akiambiwa baada ya kilima njia imenyooka, hukanyaga mafuta kabla hajaiona njia yenyewe. Neno moja la uongo linatosha kuwaingiza wote wawili katika miti.

Mchezo mzima, basi, umesimama juu ya neno la mtu. Dereva anaendesha kwa neno la mwelekezi, na mwelekezi anakaa pale kwa neno la mafundi kwamba gari liko sawa. Tukijua kuna ufa tukakaa kimya, tumemsomea kona ya uongo, tofauti ni kwamba hatukufungua mdomo.

Mmoja wetu alitoa hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Alisema hakuna gari lisilo na kasoro. Ukingoja gari kamili hutaanza kamwe. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari ya mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mwaka 1968 yalianza magari 93, yakamaliza 7 tu, na hakuna aliyewaita wendawazimu wale 86 walioachwa njiani. Mtu anayeingia katika mbio amekubali hatari. Kwa nini basi ufa mmoja utushinde?

Tumelifikiri jambo hilo miezi kadhaa, na hapa ndipo tulipofika. Ni kweli hatari haiepukiki, na si dhambi kuikubali. Lakini kukubali hatari kunahitaji kuijua. Wale 93 waliijua mvua, waliyajua matope, walijua hali ya magari yao, wakaamua. Hatari unayoiona ukaichagua ni yako. Hatari inayofichwa kwako na mwingine akakuchagulia ni wizi: umeibiwa nafasi ya kusema ndiyo au hapana. Ufa unaweza kuwa uleule, wa urefu uleule. Kinachobadilika ni kama aliyekaa upande ule anaujua.

Tulijifunza pia jambo kuhusu matayarisho yenyewe. Tulidhani kadiri unavyojitayarisha ndivyo unavyoona vizuri zaidi. Si mara zote. Ile miezi minane, fedha, likizo tulizoomba kazini, namba tuliyoibandika mlangoni watoto wakipiga makofi, vyote vilisimama mbele ya ule ufa na kutuambia haupo. Aliyeuona ni kijana ambaye hakuwa ametoa hata senti. Pengine ndiyo sababu aliweza kuuona. Kwa hiyo tunadhani kujitayarisha hakukamiliki kazi zinapokwisha. Kunakamilika watu wanapobaki na uwezo wa kusema "bado", hata usiku wa mwisho, hata kama neno hilo linawagharimu.

Nalo lilitugharimu. Tulijitoa Alhamisi asubuhi, na ada haikurudi. Dereva wetu alikaa wiki mbili bila kupokea simu zetu. Baba yake, mzee aliye Nakuru, alikuwa amewaalika majirani waje watazame kwenye simu ya mjukuu. Tulimshauri amwambie mzee kwamba mvua imeharibu njia, mashindano yameahirishwa. Tazameni jinsi tulivyo: hata baada ya kuchagua ukweli gerejini, tulikuwa tayari kudanganya Nakuru. Yeye alikataa. Alimwambia baba yake kwamba tulichomelea vibaya.

Mtauliza, je, ufa ulikuwa mbaya kweli? Tulipoifungua sehemu ile wiki zilizofuata, haukuwa umeingia ndani sana. Fundi mmoja mzoefu aliutazama akasema huenda ungestahimili mbio zote. Tunalisema hili wazi, kwa sababu ingekuwa rahisi kuwaambia kwamba chuma kilikatika mikononi mwetu. Hakikukatika. Huenda tungemaliza salama, tukapiga picha, tukala pilau ukumbini Jumapili. Na dada yetu angekaa kati yetu akicheka, bila kujua tulichompimia.

Tangu hapo swali lake limetufuata nje ya gereji. Sisi tunaoishi mbali na kwetu tuna nyufa nyingi zilizopakwa rangi. Kuna aliyepunguziwa saa za kazi, na nyumbani wanaendelea kujenga kwa neno lake kwamba fedha zitakuja. Kuna mama kule kijijini anayemwambia mwanawe kwenye simu "mimi mzima", wakati daktari amesema jingine. Kuna mume aliyekopa, na mke anapanga mwaka ujao bila kujua. Kila mmoja ana sababu, na mara nyingi sababu ni upendo: hataki kumtia mwenzake wasiwasi. Hatusemi kila jambo litangazwe kwa kila mtu. Tunasema kuna mtu mmoja au wawili wanaostahili kujua, kwa sababu wao ndio waliokaa upande ule, wameinamisha macho, wanatuamini.

Gari limechomelewa upya, na safari hii dada yetu alishika taa na kukagua mwenyewe. Tumejiandikisha kwa mashindano yanayofuata. Hatuahidi kushinda, na kumaliza tu kutatutosha. Lakini leo baada ya ibada, mkiwa na chai mkononi, jiulizeni kama tulivyoulizwa sisi: nani anakaa upande ule wa ufa wangu, na je, ningemwambia?