Habari za Njia

Ushujaa una namna mbili, na aghalabu watu huzichanganya. Kuna ushujaa wa mtu asiyejua lililo mbele yake, na kuna ushujaa wa mtu anayelijua. Wa kwanza ni mwepesi, kwa kuwa ujinga humsaidia mwenyewe kuubeba. Wa pili ni mzito, maana mguu huikumbuka kila hatua kabla haujaikanyaga. Sijapata kuona mahali ambapo tofauti hii hudhihirika kuliko katika maisha ya mtu ambaye kifua chake kilipasuliwa zamani ili moyo utengenezwe, naye leo anaambiwa kwamba hana budi kupasuliwa tena.

Watu wa namna hiyo wamo miongoni mwetu hapa Garissa, na wamo Wajir na Mandera. Ugonjwa wao huanza kwa jambo dogo mno. Mtoto huumwa koo. Koo hilo likiwa limeingiwa na vijidudu vya namna fulani, na likiachwa bila dawa, mwili hupigana navyo. Na kwa watoto wengine vita hivyo hupotoka, mwili ukajishambulia wenyewe. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi. Viungo huvimba, kisha hupoa, na wazazi humshukuru Mungu. Walakini milango midogo ya moyo, ambayo madaktari huiita vali, hubaki na makovu. Moyo una vali nne, na kazi yake ni kufunguka ili damu ipite mbele, kisha kujifunga ili isirudi nyuma. Vali yenye kovu haifunguki vema wala haijifungi vema.

Penisilini, dawa ambayo Alexander Fleming aliivumbua mwaka 1928 na ambayo bei yake si kubwa, hutosha kuuzuia msiba huu ikitolewa mapema. Lakini mtoto wa mfugaji aliye mbali na zahanati huumwa koo na kupona koo bila mtu kuandika jambo hilo mahali popote. Miaka hupita. Siku moja anaanza kutweta akitoka nyumbani kwenda kisimani, mwendo ambao ndugu zake wadogo huwenda wakikimbizana. Hapo ndipo safari huanza: kwanza hospitali ya Garissa, kisha Nairobi, zaidi ya kilomita 350, na wengine hupelekwa hata Tenwek, katika nchi ya Bomet.

Elimu ya kuutengeneza moyo ni changa. Mwaka 1953, katika mji wa Philadelphia nchini Marekani, daktari John Gibbon alifaulu kumpasua mgonjwa huku mashine ikifanya kazi ya moyo na mapafu yake. Mwaka 1960 Albert Starr wa Oregon alitia vali ya kutengenezwa mahali pa ile iliyoharibika, nayo ilikuwa mfano wa mpira mdogo ndani ya kizimba. Siku hizi vali za kutiwa ni za namna mbili. Zile za kutengenezwa kiwandani hudumu miaka mingi sana, lakini mwenye nayo hana budi kunywa dawa ya kuzuia damu isigande, iitwayo wafarini, kila siku ya maisha yake, na kupimwa damu mara kwa mara. Zile za nyama ya ng'ombe au ya nguruwe hazimfungi mtu kwa dawa hiyo maisha yake yote, lakini huchakaa. Na kwa vijana huchakaa upesi kuliko kwa wazee.

Hapa pana fumbo ambalo ningependa msomaji kijana alitafakari polepole. Wafarini huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Basi msichana wa miaka kumi na saba anayetumaini kuolewa na kuzaa, achague nini? Wengi huchagua vali ya nyama, na kwa kuichagua wamekwisha kuandika tarehe ya kurudi, ingawa tarehe hiyo haionekani. Huko ni kununua watoto kwa kifua cha pili. Mimi siwezi kusema kuwa amekosea, wala siwezi kumwambia mwenzake aliyechagua ile nyingine kuwa amekosea. (Habari ya nguruwe huzusha swali katika nyumba nyingi za hapa kwetu, na ni haki lizuke. Masheikh wengi hujibu kwamba dharura ina hukumu yake, tena vali za ng'ombe zipo. Muhimu ni kuuliza mapema, kabla ya siku yenyewe.)

Upasuaji wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu za mwili, mbali na za roho. Makovu ya kale huushika moyo na mfupa wa kifua pamoja, kama ngozi iliyokaukia juu ya ubao, na daktari akiufungua mfupa ule huweza kukuta moyo umegandamana nao. Kwa hiyo hupiga picha za kifua kwanza, huweka damu tayari, na kazi yenyewe huchukua saa nyingi zaidi. Mgonjwa huambiwa haya yote. Hurudi nyumbani nayo kichwani, na usiku ndio mrefu.

Sasa swali langu ni hili: nani aseme na mtu huyu, naye amwambie nini?

Jamaa zake humwambia, "Utapona, inshallah, usiwaze." Wasema hivyo kwa mapenzi, na sithubutu kuyadharau mapenzi. Lakini neno hilo lina dosari moja kubwa: humfunga mgonjwa kinywa. Mtu mwenye hofu aliyeambiwa asiogope hujifunza kuificha hofu yake, na tangu hapo huwa peke yake katikati ya nyumba iliyojaa watu. Wako pia wasemao kwamba kuitaja hatari ni kuiita, au kwamba kuihesabu ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Hao nawajibu kwa jambo ambalo kila mfugaji hulijua, kwamba mwenye kumtegemea Mungu humfunga ngamia wake kwanza.

Tena wafugaji wa nchi hii wametupa mfano bora kuliko wowote niwezao kuubuni. Wasomali wakikutana njiani huulizana habari, na neno lao la salamu lenyewe lina maana ya kutaka habari. Ulipotoka kuna malisho? Kisima kina maji? Atokaye huko hawiwi na mwenzake faraja, huwiwa ukweli. Akisema kuna maji mahali pasipo na maji, kwa kutaka kumfurahisha aliyechoka, ameua mifugo ya watu kwa ulimi wake. Na akisema njia haipitiki, naye mwenyewe ameipita jana, amefanya uovu ule ule kwa upande mwingine.

Mtu aliyepasuliwa mara mbili ndiye atokaye huko. Daktari anaijua njia kama aijuavyo mchora ramani, na ramani ni jambo kubwa, lakini hajaikanyaga. Namjua mwanamke mmoja, mwalimu mwanafunzi wa mji huu, ambaye alikuwa akingoja upasuaji wa pili akakutanishwa na mama aliyekwisha kuupitia. Nilidhani angeuliza kama atapona. Hakuliuliza hilo. Aliuliza kama mama yake ataruhusiwa kumkaribia akizinduka. Alijibiwa kwamba atazinduka na mpira kooni, hataweza kusema, na kwamba yafaa wapatane mapema ishara za mkono: hii ya maumivu, hii ya kiu, hii ya "kaa hapa." Aliambiwa aende akatazamwe meno kabla ya siku ile, maana uchafu wa jino bovu huweza kuingia katika damu na kuishika vali mpya. Aliambiwa akumbatie mto anapokohoa ili kifua kisimchome, na kwamba kwa majuma mengi hatainua mtungi wa maji wala mtoto, basi atafute sasa wa kumwinulia. Aliambiwa pia kwamba baada ya siku chache huenda machozi yakamtoka bila sababu, na kwamba huko si kushindwa. Jambo hili la mwisho ndilo lililomtuliza kuliko yote, nami hata leo nalifikiri.

Ushahidi wa namna hii una mipaka yake. Mioyo haifanani, na aliyepona si tabibu. Akimwambia mwenzake aache wafarini siku fulani kwa kuwa yeye aliiacha siku hiyo, ametoka katika ushahidi akaingia katika hatari. Siku ya kuiacha na ya kuirudia huamriwa na daktari peke yake. Na je, awataje wale ambao hawakurudi? Akiulizwa, na ajibu kweli, kwa upole, wala asiongeze. Asipoulizwa, asimtupie mwenzake mzigo ambao hakuuomba. Najua wako watakaosema kwamba kunyamaza huko ni nusu ya uongo. Mimi sioni hivyo, kwa kuwa mgonjwa ndiye mwenye haki ya kuchagua saa ya kuuliza.

Desturi hii haikuanza leo. Mwaka 1951, mjini Boston, wagonjwa wanne wa daktari Dwight Harken, ambaye wakati wa vita alikuwa amewatoa askari vipande vya chuma mioyoni, waliunda pamoja naye chama kiitwacho Mended Hearts, yaani Mioyo Iliyotengenezwa. Kazi ya wanachama ilikuwa kuwazuru wanaongojea kupasuliwa. Wakati huo kuupasua moyo kulikuwa jambo jipya, na kumwona mtu aliyepasuliwa akiingia chumbani kwa miguu yake mwenyewe kulikuwa hoja isiyohitaji maneno mengi.

Je, ni wajibu wa kila aliyepona kufanya hivyo? Wako wapendao kusahau. Hufunga kovu chini ya nguo na kurudi katika biashara zao, na sioni nani awezaye kuwalaumu kwa haraka. Hata hivyo nadhani wana deni, ingawa hakuna hakimu wa kuwadai. Damu waliyotiwa ilitoka mikononi mwa watu wasiowajua. Nauli yao wengine walichangiwa msikitini na sokoni.

Eneo letu ni kubwa na watu hawa wametawanyika, huyu Garissa, yule Mandera. Lakini siku ya kliniki ya moyo hukaa benchi moja, kila mmoja na kadi yake mkononi, akimtazama mwenzake kisogoni kwa saa tatu bila kujua kwamba njia aiogopayo mwenzake ameipita mwaka juzi. Muuguzi anayezisoma kadi hizo, akiisha kuomba ruhusa kwa wote wawili, hahitaji zaidi ya kumgusa mmoja bega na kumwambia, "Mama, hebu geuka umsalimu huyu aliye nyuma yako."