Mwalimu Salah na Deni Tulilo Nalo

Maandiko: Luka 10:25-37, Yohana 15:13



Wiki hii tunamkumbuka mtu ambaye hakuwa wa kanisa letu. Mwalimu Salah Farah alikuwa Mwislamu, naibu mwalimu mkuu kule Mandera. Hakuwa mheshimiwa wala askari. Alikuwa mtu wa mji mdogo, mwenye mke, watoto na chaki mkononi.

Tarehe 21 Desemba 2015 alikuwa kwenye basi la kwenda Mandera, pamoja na abiria wengine zaidi ya 60. Karibu na El Wak, al-Shabaab wakalisimamisha kwa risasi, wakaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Kila abiria alijua maana ya amri hiyo. Novemba 2014 watu 28 walikuwa wameshushwa kwenye basi karibu na Mandera wakauawa. Na sisi hapa Garissa tulikuwa bado tunawalilia watu 148 waliouawa chuo kikuu tarehe 2 Aprili 2015.

Kujitenga kungekuwa rahisi. Hatua chache tu kando, halafu unarudi nyumbani kwa watoto wako. Lakini akina mama wa Kiislamu waliwapa dada zetu hijabu wajifunike. Abiria wakakataa kugawanywa. Wauaji wakaambiwa wawaue wote ama wawaache wote. Mwalimu Salah akapigwa risasi.

Watu wawili walikufa siku hiyo. Yeye alilazwa, na akiwa kitandani aliwaambia waandishi wa habari kwamba watu waishi kwa amani, kwamba sisi ni ndugu. Alifariki hospitalini Nairobi Januari 2016. Mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani. Nishani ni heshima kubwa, lakini haimshiki mtoto mkono kumpeleka shule.

Sasa sikilizeni, kanisa. Mwanasheria alipomuuliza Yesu jirani ni nani, Yesu hakumpa orodha ya majina. Alimweleza habari za Msamaria, mtu ambaye wasikilizaji wale wasingemkaribisha hata kwa maji ya kunywa. Hakusema kwamba Msamaria yule alibadilisha dini njiani. Alimwambia mwanasheria aende akafanye kama yeye.

Mimi pia sitamgeuza mwalimu Salah kuwa Mkristo akiwa kaburini. Tunahubiri kwamba Yesu ndiye njia, na hatutaacha. Lakini Bwana alisema hakuna upendo unaopita ule wa mtu kutoa uhai wake kwa ajili ya rafiki zake, na mwalimu huyu alijiweka hatarini kwa ajili ya abiria ambao si wa dini yake. Tukisoma andiko hilo tusipomkumbuka, tumesoma kwa macho tu.

Nilisomea biashara. Kule tunafundishwa kwamba anayekudai akifa, deni halifi naye. Linabaki kwa warithi wake. Tuna deni, wapendwa, na warithi wako karibu nasi: ni majirani zetu wa hapa Garissa. Tutalipaje?

Kwanza, ulimi. Acha kusema "hawa watu" ukimaanisha mama anayekuuzia maziwa Soko Mugdi. Waliolipua na waliopiga risasi wana hatia yao mbele za Mungu. Usimbebeshe jirani yako.

Pili, kazi ya mikono yako. Baada ya mashambulizi yale walimu wengi kutoka bara waliondoka, na madarasa yakabaki bila mwalimu. Simwambii mtu akae mahali ambapo maisha yake hayako salama. Uliondoka kwa sababu ya hofu? Hatukuhukumu. Lakini wewe uliye hapa, mwalimu ama muuguzi, mhudumie mtoto wa Kisomali kama mtoto wa nyumbani kwako.

Tatu, watoto wetu. Wanajua majina ya waliotuua. Wafundishe na jina la aliyetusitiri. Leo jioni, kabla ya chakula, wasimulie habari za basi lile.

Ukipona kwa sababu ya mtu, huwezi kuendelea kumchukia ndugu yake. Semeni Amina!

Tuombe: Baba, mfariji mjane na watoto wa mwalimu Salah, wape riziki na karo. Tuponye hofu. Na siku tukiamriwa kujitenga na jirani, tupe ujasiri wa kubaki mahali tulipo. Katika jina la Yesu, Amina.