Hukumu ya Mtazamaji

Anayetoka kutazama filamu na kusema "haina kitu" ametamka jambo lenye sura mbili. Maneno yake yanaizungumzia filamu, lakini akibanwa kidogo tu atajitetea kwamba hayo ni maoni yake. Falsafa inauliza kama hukumu ya namna hiyo inaweza kuwa sahihi au kukosea, au kama ni sawa na mmoja kupenda sombe na mwenzake lengalenga.

Mabishano yenyewe ni ushahidi wa kwanza. Hakuna anayekesha akimthibitishia jirani kwamba sombe ni tamu kuliko lengalenga, ilhali vijana hukesha wakibishania filamu, na kila upande hutoa sababu. Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1790 kuhusu uwezo wa kuhukumu, aliona kwamba anayekiita kitu kizuri hasemi kinamfaa yeye peke yake. Anawadai na wengine wakubaliane naye, hata kama hana njia ya kuwalazimisha.

David Hume alikwisha kulieleza jambo hili mwaka 1757 kwa kisa alichokitoa katika riwaya ya Don Quixote. Ndugu wawili waliitwa kuonja mvinyo wa pipa moja. Wa kwanza akasema ni mzuri ila una ladha ya ngozi. Wa pili akasema ni mzuri ila una ladha ya chuma. Watu wakawacheka. Pipa lilipomwagwa, chini ulikutwa ufunguo uliofungwa kamba ya ngozi. Kwa Hume, ulimi mkali huonja kilichomo kweli ndani ya pipa, na wanaocheka ndio waliokosa kukionja.

Ufunguo huo unaonekana vizuri katika The Lion King, filamu ya katuni ya 1994. Mtazamaji wa Rwambuzi, mjini Bunia, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya mtaani, hasubiri kufafanuliwa majina. Simba ni simba, Rafiki ni rafiki, na Pumbaa amebeba kitenzi cha kupumbaa. Fisi anaitwa Shenzi, nalo ni tusi zito ambalo mtoto wa Marekani hulisikia kama sauti tu. Hata "matata", neno linalopita kwenye midomo ya Wakongo kila siku kwa Kiswahili na kwa Lingala, halina ugeni wowote. Katika The Lion Guard, mfululizo wa katuni uliorushwa kuanzia 2016 hadi 2019, kiboko anaitwa Beshte, neno la vijana wa Nairobi kwa rafiki wa karibu. Anayesema mfululizo huo umeokota maneno ya Kiswahili na kuyapachika kama shanga anatoa hukumu inayoweza kupimwa: sikiliza sentensi, uone kama maneno hayo yanafanya kazi au yanang'aa tu.

Lakini lugha ni sehemu ndogo ya anachokuja nacho mtazamaji. Katika mabanda ya video ya Afrika Mashariki, ambako wasimulizi kama Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya walijipatia umaarufu kwa kuzieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili, mashabiki wana kanuni yao: steringi, yaani shujaa wa filamu, hafi. Risasi humkwepa, na adui huanguka kwa makumi. Kanuni hiyo hufurahisha, na hakuna ubaya kuifurahia.

Bunia ina kipimo kingine. Mei 2003, baada ya jeshi la Uganda kuondoka, makundi yenye silaha yaliugombania mji huo, mamia ya raia wakauawa, na maelfu wakakimbilia uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa. Juni kikaingia kikosi cha Umoja wa Ulaya kikiongozwa na Ufaransa. Mtu aliyeyapitia hayo akisema filamu ya vita ni ya uongo, ni rahisi kudhani analalamikia bunduki isiyoishiwa risasi. Kosa hilo ni dogo. Aristotle aliandika kwamba katika sanaa, lisilowezekana lakini linalosadikika ni bora kuliko linalowezekana lakini halisadikiki. Uongo mzito zaidi ni kwamba wafu wa filamu hizo hawana matanga. Anaanguka mtu, hakuna mama anayelia, hakuna majirani wanaoketi na wafiwa, na hadithi inaendelea mbio.

Kwa kipimo hicho, katuni ya 1994 inazishinda filamu nyingi za watu wa kweli. Mufasa, baba wa Simba, anapokufa, filamu inasimama. Mtoto anausukuma mwili wa baba, anaita, kisha anajipenyeza chini ya mkono wake na kulala. Ni michoro tupu, lakini kifo kimepewa uzito wake.

Hapo ndipo lawama dhidi ya toleo la 2019 la mwongozaji Jon Favreau inapopata nguvu. Wapenzi wengi walisema nyuso za simba wale, waliotengenezwa kwa kompyuta wafanane na wanyama wa porini, hazisemi kitu. Wanaolitetea hujibu kwamba simba halisi hana uso wa kulia, na kwamba huzuni yaweza kusomeka katika shingo na mwendo. Utetezi huo ni wa haki, tena unataka picha itazamwe upya, shingo kwa shingo, kabla ya kukataliwa. Ila mnyama yule anazungumza na kuimba kama binadamu. Aliyekwisha kuazimwa sauti ya binadamu angeweza kuazimwa na uso wa kuomboleza, na anayeukosa uso huo pale baba alipolala amekionja kitu kinachokosekana kweli.