Aya ya 14

Jumatatu moja asubuhi shangazi yangu alinipigia simu akaniambia anataka kumfuta wakili wake, na kwamba mimi ndiye nitampeleka. Mimi ndiye huitwa kwa mambo ya aina hii. Niliacha chuo mwaka wa tatu, naandikia watu makala nikilipwa kwa M-Pesa, na kwa hesabu ya familia yetu mtu kama huyo yuko huru siku zote.

“Amekufanya nini?” nikamuuliza.

“Hashiki simu.”

Sababu hiyo ilitosha kwa kila mtu. Mawakili kutoshika simu si habari mpya Nairobi. Wenzake wa chama walifurahi, wakasema sasa atafute mkali, mmoja wa kumfanya yule mwanamume alale njaa. Baba yangu pekee ndiye aliyekataa. Alisema huwezi kubadilisha wakili katikati ya talaka, umeshalipa, vumilia umalize. Sentensi hiyo naijua. Niliambiwa hiyo hiyo nilipoacha chuo, na bado sijaona jinsi pesa na miaka iliyokwisha kupotea inavyothibitisha kwamba iliyobaki ipotee pia. Lakini hayo ni yangu.

Kinachoshangaza ni jinsi ilivyo rahisi. Kumwacha mume nchini Kenya kunahitaji sababu, na Sheria ya Ndoa ya 2014 imezitaja: uzinzi, ukatili, kutelekezwa kwa miaka isiyopungua mitatu, upotovu uliokithiri, au ndoa kuvunjika kabisa isirekebishike. Kumwacha wakili anayekusaidia kumwacha mume hakuhitaji sababu hata moja. Kama hukumu haijatolewa, wakili mpya anaweka notisi kortini, upande wa pili unapewa nakala, basi. Hakuna anayekuuliza ulikosewa nini. Kinachouma ni pesa: wa zamani anaruhusiwa kushikilia faili yako mpaka umlipe ada yake, na mkizozana kuhusu kiasi, afisa wa korti ndiye anayekadiria. Shangazi alilipa bila kuzozana. Ana kibanda cha nguo Gikomba na huwa anateta hata juu ya shilingi kumi za nauli, kwa hivyo hapo ndipo nilianza kushuku.

Tulipopewa faili alikaa kwenye ngazi za lile jengo akafungua moja kwa moja hati yake ya kiapo, ile ya kesi ya mali. Akaniwekea kidole kwenye aya ya 14. Ilisema kwamba mume wake hajawahi kuchangia chochote katika ununuzi wa ploti ya Ruai wala ujenzi wa nyumba iliyo juu yake.

Ploti ni yake kweli, alikopa sacco akainunua. Lakini mjomba, dereva wa lori la Mombasa, ndiye aliyenunua mabati na mbao za paa. Nilikuwepo paa likipigwa. Kila mtu alikuwepo, tulikula mbuzi.

“Wakili ndiye aliandika hivi?”

“Nilimwambia mimi,” akasema. “Siku ya kwanza. Nilikuwa na hasira, nikamwambia huyo mtu hajawahi kunisaidia na kitu. Akaandika.”

“Na ulisoma kabla ya kutia sahihi?”

“Nilisoma.”

Naelewa kwa nini wakili aliipenda sentensi hiyo. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba hakuna nusu kwa nusu ya moja kwa moja, lazima uthibitishe ulichotoa. Mchango si pesa pekee. Kulea watoto na kazi za nyumbani pia zinahesabika, na kwa sababu hiyo siwezi kusema sheria ni mbaya. Ila ukishawaambia watu wawili walioumizana kwamba kila mmoja atapata kulingana na alichotoa, kila mmoja ana sababu ya kuufanya mkono wa mwenzake uonekane mtupu. Mjomba naye, katika hati yake, alisema Shangazi alikuwa “anakaa tu nyumbani”. Mwanamke ambaye hufika Gikomba saa kumi na moja asubuhi.

Kosa la wakili, kama lipo, ni kwamba hakurudia swali siku ambayo hasira ilikuwa imepoa. Maneno ambayo sisi wote huyasema jikoni kisha tunayasahau, yeye aliyapeleka kwa kamishna wa viapo. Lakini hakuapa yeye. Kwa hivyo nilipokuwa nimekaa pale nikaona kwamba Shangazi hakuwa anatafuta wakili mkali, wala wa kushika simu. Alitaka mtu ambaye hajawahi kumsikia akisema vile.

Je, hiyo ni sababu halali? Nimeifikiria sana. Watu huhama kanisa, huhama mtaa, hubadilisha mabeshte kwa sababu hiyo hiyo, na huwa tunawaita waoga. Mimi sioni hivyo. Kuna ukweli ambao ni vigumu kuusema mbele ya mtu aliyeujenga uongo pamoja nawe na akalipwa kwa kazi hiyo. Lakini faili inahama nzima, na aya ya 14 ndani yake. Akinyamaza mbele ya wakili mpya, atakuwa ameuhamishia uongo ofisi nyingine, kwa ada mpya.

Hakunyamaza. Wakili mpya, mama mmoja mpole, alimsikiliza, akamwambia wanaweza kuomba ruhusa ya korti waweke hati nyingine ya kurekebisha. Halafu akamwambia bei yake: upande wa pili utauliza, kama alidanganya kuhusu paa, ni nini kingine alichodanganya? Anaweza kutoka na kidogo kuliko angetoka nacho akinyamaza.

Jioni hiyo tulikuwa kwake Ruai. Binamu yangu, ana miaka 19, ndiye aliyeshikilia ngazi siku ya mabati. Alisikiliza yote akiwa kwa mlango, kisha akasema, “Iache tu, Mum. Na yeye amekuandikia nini?”

Sikuwa na jibu la kumpa. Kurudisha silaha peke yako wakati mwenzako bado ameshika yake ni jambo ambalo ni rahisi kwa mimi nisiye na ploti.

Shangazi hakumjibu. Alichukua kalamu yangu, akageuza bahasha ya yule wakili wa zamani.

“Yalikuwa mabati mangapi?”

“Mum.”

“Nimeuliza, yalikuwa mangapi?”

“42,” akasema, bila hata kufikiria.

Akaandika.