Yai Lisilo Lake



Wengi wetu tunaoishi huku Likoni, au kule Kisauni na Changamwe, hatukosi kuku wawili watatu nyuma ya nyumba. Leo nawaomba twende pamoja bandani, kwa maana kuku anayeatamia ana swali zito la kutuuliza sisi wenye ndoa.

Mfugaji anaijua kazi hii. Kuku wa kienyeji akimaliza kutaga, hataki tena kutoka kiotani, na ukimsogelea hujitutumua manyoya na kulia kwa hasira. Huyo yuko tayari. Unamtengenezea kiota cha makumbi au nyasi kavu mahali penye giza, unamtia dawa ya utitiri, kisha unamwekea mayai 10 hadi 13. Siku ya saba unayamulika kwa tochi: lenye mishipa myembamba kama miguu ya buibui unaliacha, lililo tupu unaliondoa. Siku ya 21 vifaranga hutoka.

Lakini mara nyingi mayai hayo si yake. Kuku walioboreshwa, kama wale wa KALRO kule Naivasha, hutaga sana lakini wengi wao hawapendi kuatamia, kwa hiyo mayai yao hupewa kuku wa kienyeji. Wengine humwekea ya bata, na maskini kuku hulazimika kuketi siku 28, au 35 kwa bata wale wenye nyama nyekundu usoni. Na kazi ya kubadilisha mayai hufanywa usiku. Kuku haoni vizuri gizani. Unaingiza mkono polepole, unatoa yake, unaweka ya mwingine. Kukicha anayageuza kwa mdomo kana kwamba ni yake. Kifaranga akitoka, ni mwanawe. Kunguru akishuka kumnyakua, kuku yule atamrukia bila kuuliza kifaranga ni wa nani.

Je, tumemkosea kuku huyo? Na kama hatukumkosea, kuna ubaya gani mtu kumfanyia mwenzi wake vivyo hivyo?

Msidhani ni swali la mchezo. Miaka kadhaa iliyopita bwana mmoja alinijia usiku, nikiwa bandani na tochi mkononi. Alikuwa amezaa mtoto kabla ya ndoa, na mamake mtoto alikuwa ameaga dunia. Alitaka kumleta nyumbani na kusema ni mtoto wa ndugu yake. "Mwalimu," akaniuliza, "nimwambie mke wangu ukweli, au ninyamaze?" Nami, mayai yakiwa mkononi, nikamjibu kwa wepesi: "Mlete tu. Akishamlea atampenda. Mtazame kuku huyu."

Nilikosea, na nakiri mbele yenu. Mama yule alimpokea mtoto, akamwogesha, akamuuguza, akampenda kweli. Mwaka wa tatu, shule ilipotaka cheti cha kuzaliwa, jina la baba likaonekana. Alipokuja kwangu hakuwa na neno baya juu ya mtoto. Alisema, "Mtoto ni wangu, simwachi. Lakini mwalimu, mimi si kuku. Mngeniuliza, huenda ningekubali. Sasa mmeninyima hata nafasi ya kukubali."

Ndugu zangu, jibu la swali letu limo katika maneno hayo. Kuku hatumkosei, kwa sababu hakuahidi kitu wala hawezi kusema ndiyo. Joto lake hulipa kila kinachowekwa chini yake. Bali ndoa yetu Wakatoliki huanza kwa kuulizwa, kwa sauti, mbele ya mashahidi. Kanisa linafundisha kwamba ridhaa ya wawili ndiyo inayofanya ndoa. Basi jambo lililoanza kwa kuulizwa litaendeleaje kwa kuwekewana mambo gizani?

Utaniambia, "Katekista, nikimwambia atakataa, na mtoto asiye na hatia ataumia." Hofu hiyo naielewa. Mtoto hana kosa, na ni lazima alishwe, avikwe na asomeshwe hata kabla ninyi wawili hamjapatana. Lakini hasira inayotoka mchana mnaweza kuikalia pamoja hadi ipoe. Iliyofichwa ni yai viza: siku likipasuka, nyumba nzima hunuka.

Tena usikawie. Mfugaji anajua kwamba kifaranga mgeni aliyeletwa akiwa na siku nyingi hudonolewa na kuku aliyekwisha kuwazoea wake. Ukweli nao, kadiri unavyochelewa, ndivyo unavyopokewa kwa mdomo mkali.

Mtazameni Mtakatifu Yosefu. Alimlea mtoto ambaye hakumzaa, akamfundisha kazi ya mikono yake. Alielezwa usiku, tena ndotoni, lakini alielezwa ukweli, na kabla hajamchukua Mariamu nyumbani kwake. Mungu mwenyewe hakutaka kupata mlezi kwa hila.

Nawe uliyeambiwa ukweli, ukakubali, basi atamia kwa moyo wote. Wazee walisema kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Usimkumbushe mtoto kila siku yai alilotokea.

Bwana yule alimwomba mkewe msamaha, nami nikamwomba pia. Haikuwa kazi ya siku 21, ilichukua muda mrefu zaidi. Leo bado wako pamoja, na kijana amewazidi kimo wote wawili.

Jioni hii, mkisha kufunga banda na watoto wamelala, ketini wawili na kila mmoja ajiulize: ni yai gani nimemwekea mwenzangu gizani? Pengine si mtoto. Pengine ni deni, au kiwanja, au fedha zinazotumwa mahali asipopajua. Litoeni wenyewe, kabla halijapasuka.