Shamba Langu na Njaa ya Jirani

Je, udugu wa kweli wataka mali yote iwe ya wote? Au mtu aweza kuwa na shamba lake, naye akabaki ndugu wa jirani yake? Tutazame vijiji viwili katika nchi ya Bwana wetu.

Mwaka 1910 vijana Wayahudi waliotoka Ulaya ya mashariki, wanaume 10 na wanawake 2, walianza kijiji cha Degania, pale mto Yordani unapotoka katika ziwa la Galilaya. Hapakuwa na shamba la mtu mmoja wala mshahara. Kazi ilikuwa moja, sanduku moja, meza moja.

Lakini wengine waliona kwamba mwenye mke na watoto ataka pia nyumba yake, na kazi aipangayo mwenyewe. Basi mwaka 1921 baadhi ya watu wa Degania walikwenda na wenzao kuanza Nahalal, magharibi ya Nazareti, katika bonde lenye matope na malaria. Kila jamaa ilipata shamba sawa na la wengine. Amri zao zilikuwa hizi: kulima kwa mikono yako pasipo vibarua, kununua na kuuza kwa pamoja, kumsaidia mwenzako akipatwa na shida.

Je, hao walipunguza udugu? Hapana. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba ni halali mtu kuwa na mali yake na kuitunza. Lakini katika kuitumia aihesabu kama ya wote, awe tayari kumgawia mwenye shida. Papa Leo XIII alikumbusha fundisho hilo mwaka 1891.

Lakini liko jambo la uchungu. Mashamba mengi ya bonde lile yalikuwa mali ya matajiri wa Beirut. Walipoyauza, hati zilikuwa halali. Lakini wakulima wengi Waarabu, waliokuwa wakiyalima kama wapangaji, walipoteza riziki yao. Haki ya hati ilitimizwa. Je, haki ya mwenye njaa? Kusaidiana kukikoma penye mpaka wa kijiji, bado si upendo wa jirani. Msamaria wa Injili hakuuliza majeruhi ni mtu wa kijiji gani.

Ndugu msomaji, shika shamba lako, ulilime vema. Lakini siku ya mavuno ujiulize: Ng'ambo ya mpaka wangu, nani analala na njaa?